Kipimo cha maji ya mgongo kisibebeshwe kosa la sindano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa huku Kanda ya Ziwa, aliyewashauri watu wakatae kutolewa maji ya uti wa mgongo kwa sababu jamaa yake, baada ya kufanyiwa kipimo hicho, alilala karibu wiki nzima akiumwa kichwa, hata kukaa kitandani akashindwa. Kuhusu maumivu hayo amesema kweli, na wenzangu wa sekta ya afya wanaomjibu mgonjwa wa namna hiyo kwamba ana woga tu wanamkosea. Tunapoachana ni kwenye ushauri wake. Kinachostahili kukataliwa katika habari aliyoieleza ni aina ya sindano na wala si kipimo chenyewe, kwa kuwa sindano yenye madhara machache zaidi imekuwapo tangu mwaka 1951, na wodi zetu nyingi bado haziitumii.

Ninaandika nikiwa muuguzi mstaafu, niliyefanya kazi wodini na katika vyumba vya upasuaji hapa Mwanza, na nimeshika mabega ya wagonjwa wengi waliokuwa wamejikunja kwa ajili ya sindano hiyo.

Ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji safi, ambayo kwa mtu mzima hufikia takribani mililita 150, na mwili huyatengeneza upya mfululizo kiasi cha nusu lita kwa siku. Maji hayo huzuiwa yasitoke na utando mgumu. Daktari anapoyachukua kwa ajili ya kupima homa ya uti wa mgongo, au mtaalamu wa ganzi anapoingiza dawa kwa ajili ya upasuaji wa kujifungua, sindano hutoboa utando huo, na tundu linalobaki likichelewa kuziba, maji huendelea kuvuja kwa ndani hata kama ngozi ya nje imekauka. Mgonjwa akisimama, ubongo uliopungukiwa maji yanayouwezesha kuelea hushuka kidogo na kuvuta tando na mishipa inayoushikilia, na kichwa huuma. Akilala, maumivu hupungua. Hiyo ndiyo alama inayoyatofautisha maumivu haya na mengine mengi: huja kwa kuinuka na hutulia kwa kulala. Huanza ndani ya siku tano tangu kuchomwa, mara nyingi katika mbili za mwanzo, na kwa kawaida hukoma yenyewe ndani ya wiki mbili, ingawa wengine huongezewa shingo kukaza, kichefuchefu, masikio kuvuma au kuona vitu viwili viwili, na kwa nadra sana damu huvuja chini ya tando za ubongo.

Madaktari walilijua jambo hili mapema mno. Heinrich Quincke wa Ujerumani alieleza namna ya kutoa maji ya mgongo mwaka 1891, na mwaka 1898 August Bier, aliyekuwa akijaribu ganzi ya uti wa mgongo katika mji wa Kiel, alimruhusu msaidizi wake amchome yeye mwenyewe, maji mengi yakamwagika kwa sababu bomba halikukaa vizuri kwenye sindano, naye akapatwa na kichwa kilichomlaza kitandani kwa siku kadhaa. Bier alihisi tangu wakati huo kwamba chanzo chake ni maji yaliyopotea. Kwa hiyo mgonjwa wa Sengerema anayelalamika leo analalamika jambo ambalo profesa wa Kijerumani aliliandika kwa uchungu wa mwili wake zaidi ya miaka 120 iliyopita, na ingekuwa vyema daktari wa zamu alikumbuke hilo kabla ya kumwambia kwamba anajidekeza.

Sindano inayobeba jina la Quincke ina ncha iliyokatwa mshazari, yenye makali, na tundu lake liko mbele kwenye ncha hiyohiyo. Ndiyo iliyozoeleka zaidi, ndiyo rahisi kwa bei, na ndiyo anayoipata ndugu wa mgonjwa akitumwa duka la dawa ng'ambo ya barabara akanunue sindano ya mgongo. Mwaka 1951 ikaletwa sindano ya Whitacre, na mwaka 1987 ikafuata ya Sprotte. Hizi mbili huitwa za ncha ya penseli, kwa kuwa ncha yake imezibwa na kuchongwa ikawa nyembamba kuelekea mwisho bila ukingo wa kukata, na tundu la kupitishia maji limewekwa ubavuni. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba sindano ya namna hii hutenganisha tu nyuzi za utando bila kuzikata. Maelezo hayo ni mazuri kuyasikia, lakini waliotazama matundu hayo kwa hadubini ya elektroni waliona kwamba ncha ya penseli huacha kingo zilizochanikachanika kuliko ile ya makali, na wanadhani ni michubuko hiyo inayoufanya utando uvimbe na kuziba upesi. Vyovyote iwavyo, tofauti inaonekana kwa wagonjwa.

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 110 kutoka nchi 29, yenye washiriki zaidi ya 31,000. Waliochomwa kwa sindano za kawaida waliumwa kichwa kwa kiwango cha asilimia 11, na waliochomwa kwa zile za ncha ya penseli kwa asilimia 4.2. Waliolazimika kuzibwa tundu kwa damu yao wenyewe walipungua kwa nusu. Kilichonivutia zaidi ni upande wa pili wa hesabu hiyo, maana pingamizi ninalolisikia kila mara kutoka kwa madaktari ni kwamba sindano hizi ni ngumu kutumia na zitawafanya wamchome mgonjwa mara nyingi. Uchambuzi huo haukuona tofauti ya maana katika kufaulu kwa mara ya kwanza, katika kupata maji yaliyochanganyika na damu, wala katika maumivu ya mgongo. Mwaka uleule jopo la wataalamu pamoja na wagonjwa, katika jarida la Uingereza la BMJ, lilitoa pendekezo la nguvu kwamba wagonjwa wote wanaochomwa mgongo, wakubwa kwa watoto, wachomwe kwa ncha ya penseli.

Unene nao una neno lake, lakini hapa ndipo watu wengi huishia wakidhani wamemaliza. Namba za sindano zinakwenda kama za ndoana za sangara, yaani kadiri namba inavyopanda ndivyo chombo kinavyokuwa kidogo, na sindano ya geji 25 ni nyembamba kuliko ya geji 20. Kwa sindano za makali, wembamba hupunguza maumivu ya kichwa waziwazi. Kwa ganzi ya uti wa mgongo, ambapo dawa kidogo tu huingizwa, geji 25 hadi 27 inatosha kabisa, ikitanguliwa na sindano fupi ya kuiongoza ili isipinde njiani. Kwa kutoa maji ya kupimwa, mambo ni tofauti, kwa sababu kupitia sindano nyembamba kupita kiasi maji hudondoka polepole mno na kupima presha yake huchukua muda ambao mgonjwa aliyejikunja, pengine akiwa amechanganyikiwa kwa homa, hawezi kuuvumilia. Geji 22 yenye ncha ya penseli ndiyo njia ya kati inayofaa kwa watu wazima wengi. Fomu za kuagizia vifaa nilizowahi kuziona ziliandikwa geji peke yake na kuacha aina ya ncha, na mwenye duka au mshitiri, yaani muuzaji aliyeteuliwa kuvihudumia vituo vya afya, akiletewa fomu kama hiyo ataleta ya bei nafuu, wala huwezi kumlaumu.

Nimeona pia, katika miaka yangu ya kazi, kwamba chumba cha upasuaji hupata sindano nzuri mapema kuliko wodi ya magonjwa ya ndani. Sababu naidhania. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anaingia akiwa hana maumivu ya kichwa, kwa hiyo akitoka nayo kila mtu anajua yametoka wapi, na kwa kuwa wanawake vijana ndio wanaopatwa zaidi na tatizo hili, malalamiko huwa mengi hadi mtaalamu wa ganzi analazimika kubadilisha sindano. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo anakuja akiwa tayari anaumwa kichwa. Maumivu aliyoongezewa na sindano yanajificha nyuma ya yale ya ugonjwa, hakuna anayeyaandika kwenye faili, na wodi inabaki ikiamini kwamba sindano yake haina tatizo.

Katika mikoa yetu ya Ziwa imani hiyo inagharimu maisha. Miongoni mwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao kinga yao imeshuka sana, wapo wanaoshambuliwa na fangasi wa tando za ubongo aitwaye kriptokokasi, na kwao kutoa maji ya mgongo ni kipimo na ni tiba. Fangasi hao huziba njia za kunyonya maji, presha ndani ya fuvu hupanda, na mgonjwa anaweza kupofuka au kufa wakati dawa bado hazijafanya kazi. Presha ikizidi sentimita 25 za maji, yaani kimo ambacho maji hupanda kwenye mrija wa kupimia, daktari anatakiwa ayatoe mpaka ishuke chini ya 20, au ipungue kwa nusu ikiwa ilikuwa juu mno, na arudie kesho yake, na keshokutwa, kadiri dalili zinavyodai. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliotolewa maji kwa ajili ya kushusha presha walikuwa na hatari ya kufa katika siku 11 za mwanzo iliyopungua kwa takribani theluthi mbili.

Hapo, Mhariri, ndipo aina ya sindano inapoacha kuwa suala la starehe. Mgonjwa wa kriptokokasi lazima akubali kuchomwa kwa mara ya pili, ya tatu na pengine ya nne, na ndugu zake wanaotia saini wapo pembeni wakitazama. Wakiona mara ya kwanza imemwongezea mateso, hawatakubali tena, na hakuna maelezo ya daktari yatakayowageuza. Watafiti nchini Zambia wameeleza namna wagonjwa wanavyokikataa kipimo hiki, na moja ya sababu kubwa ni imani kwamba kinaua. Imani hiyo haikuzuka bure. Mtu anayevuka na meli kutoka Nansio, au anayeletwa kutoka visiwa vya mbali zaidi baada ya kupitia kwa mganga na maduka ya dawa, anafika akiwa amezidiwa, anachomwa siku hiyohiyo, anakufa usiku, na waliomleta wanarudi nyumbani na ushahidi wa macho yao. Hatuwezi kuwalazimisha watu waache kuunganisha matukio mawili yaliyofuatana. Tunaweza kupunguza madhara yaliyo ya kweli, ili yale ya kudhaniwa yabaki peke yake na yaweze kujibiwa.

Kuhusu kupooza, ambako msomaji mwenzangu alikugusia kwa kusema kwamba sindano hukata uti wa mgongo, napenda nieleze kwa kifupi. Kwa mtu mzima, uti wenyewe huishia kwenye usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali panapopatikana kwa kupapasa kingo za juu za mifupa ya nyonga. Huko chini kuna nyuzi za neva zinazoelea majini, na zikiguswa mgonjwa hushtuka kwa kuhisi kama umeme umepita mguuni, kisha huisha. Kupooza kunaweza kutokea iwapo damu itavuja na kuukandamiza mfereji, jambo la nadra ambalo huwahusu zaidi wenye damu isiyoganda vizuri, na ndiyo maana anayetumia dawa za kuzuia damu isigande anapaswa kusema kabla. Wapo pia ambao hawafai kuchomwa hadi wapigwe picha ya kichwa kwanza, kama mwenye uvimbe kwenye ubongo au aliyepooza upande mmoja, kwa sababu kutoa maji ghafla kunaweza kuufanya ubongo ushuke na kubana sehemu inayoendesha pumzi. Hizo ni tahadhari za daktari kuzifuata, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama zimefuatwa. Picha ikichelewa, dawa za kuua bakteria zisingojee.

Lipo jambo lisilogharimu hata senti. Sindano ya mgongo ina kijiwaya ndani yake, wataalamu hukiita staileti, ambacho hutolewa ili maji yatoke. Madaktari wengi wachanga huichomoa sindano bila kukirudisha. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 1998, uliofanywa kwa wagonjwa 600, uliona kwamba waliochomolewa sindano bila kijiwaya kurudishwa waliumwa kichwa kwa asilimia 16, na waliorudishiwa kwa asilimia 5 tu. Vilevile, pale ambapo sindano ya makali ndiyo pekee iliyopo, mkato wake uelekezwe ubavuni kwa mgonjwa aliyelala upande, upite sambamba na urefu wa mgongo. Kazi yote hiyo ni kugeuza kiganja tu.

Kinyume chake, tunawatesa wagonjwa kwa agizo lisilo na faida. Katika wodi nyingi mgonjwa aliyetolewa maji bado anaamriwa alale chali bila mto kwa saa 24, haruhusiwi hata kwenda kujisaidia, na ndugu wanahimizwa wamnyweshe maji mfululizo. Mimi mwenyewe nimelitekeleza agizo hilo na kuwakemea waliolivunja, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa. Mapitio ya kina ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane yameonyesha kwamba kulala hakuzuii maumivu hayo kutokea, na kunywa maji mengi kupita kawaida hakuna ushahidi wa kusaidia. Kulala kunampa nafuu aliyekwisha kuanza kuumwa, na huyo aachwe alale apendavyo. Asiyeumwa aachwe ainuke.

Kwa aliyekwisha kupatwa, dawa za kawaida za maumivu hutuliza, kafeini huwasaidia baadhi, na maumivu yasipokoma, mtaalamu wa ganzi na usingizi anaweza kuchukua takribani mililita 20 za damu ya mgonjwa mwenyewe kutoka mkononi na kuziingiza nje kidogo ya utando, karibu na tundu, zikagande na kuliziba. Njia hii ilianza mwaka 1960 na daktari wa upasuaji wa Marekani aitwaye James Gormley, aliyekuwa amegundua kwamba wagonjwa waliovuja damu kidogo wakati wa kuchomwa hawakuumwa kichwa sana. Wengi hupata nafuu upesi. Lakini haifai kwa mwenye homa au maambukizi kwenye damu, na kwa hiyo wagonjwa wetu wengi wa wodi ya ndani hawawezi kufaidika nayo, hoja nyingine ya kutaka tundu lisiwe baya tangu mwanzo. Maumivu yakibadilika na kuwa ya muda wote hata mtu akilala, au akianza kusinzia ovyo, arudishwe hospitalini siku hiyohiyo.

Watoto wachanga nawataja peke yao. Uti wao huishia chini zaidi, karibu na pingili ya tatu ya kiuno, kwa hiyo nafasi ya kuchoma ni finyu. Hawawezi kusema kwamba kichwa kinauma, na kwa sababu hiyo sindano yao haipewi uzito. Panapokosekana sindano fupi yenye staileti, hutumika ile ya kawaida ya kudungia dawa, ambayo iko wazi katikati. Sindano ya namna hiyo inaweza kukata kipande kidogo cha ngozi na kukiacha ndani ya mfereji wa uti, kikaota polepole kwa miaka na kuwa uvimbe unaobana neva. Ni nadra, lakini kwa mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo ni madhara ya bure kabisa.

Najua sindano ya ncha ya penseli ni ghali zaidi ikihesabiwa moja moja, na najua fedha za vituo vyetu hazitoshi hata kwa glovu. Hata hivyo hesabu ya haki inapaswa kujumuisha siku za kitanda anazoongeza mgonjwa asiyeweza kukaa, mama asiyeweza kunyonyesha akiwa ameketi, na mgonjwa wa kriptokokasi aliyekataa sindano ya pili. Ninaziomba kamati za dawa na tiba za hospitali zetu, zinapoandaa maoteo ya mwaka kwa Bohari ya Dawa au oda kwa mshitiri, ziandike sifa kamili badala ya namba tupu: ncha ya penseli, geji 22, yenye staileti, kwa wodi za watu wazima; geji 25 hadi 27 pamoja na sindano ya kuongoza kwa chumba cha upasuaji; na fupi zenye staileti kwa watoto wachanga. Shehena ya kwanza ikifika, isigawiwe kabla ya wataalamu wa ganzi, ambao wamezizoea, kuwakalisha madaktari wa wodini nusu siku na kuwaonyesha jinsi zinavyohisiwa mkononi, kwa kuwa ncha ya penseli hudai msukumo mkubwa kidogo, na kwa sababu tundu liko ubavuni, ni lazima iingie milimita chache zaidi ndipo maji yaonekane. Asiyeelezwa hilo atadhani amekosea mahali, ataitoa, na atarudi kwenye ile ya makali.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Nyegezi, Mwanza.